Dereva wa Kisanga Hakukimbia

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Mimi ni Tumwagile. Kipindi hiki huwa tunakianza kwa jina la aliyetutoka. Leo naanza na sentensi moja niliyoagizwa niiseme, na aliyeniagiza tumemzika Jumamosi iliyopita.

Sentensi yenyewe ni hii: Melkizedek wa Kisanga hakukimbia.

Nairudia, kwa ajili yako uliyekuwa unaepua sufuria. Mzee Melkizedek, dereva wa kifaru cha vita, mwenyeji wa Kisanga, hakukimbia. Hakuwaacha wenzake. Wala hakuvuka mto na kiatu kimoja.

Aliyeniagiza ni Ditram. Wengi mlimjua kwenye simu zenu kwa jina la Fundi Mnyororo. Yule wa Ruaha, aliyekuwa akieleza habari za vifaru vya vita kwa beseni la tope na mua. Ndiye huyo. Amefariki nyumbani kwake Ruaha, Jumanne ya wiki iliyopita, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Ditram alizaliwa Kilosa mwaka 1971. Babu yake alitoka Songea kuja kukata mkonge Kimamba. Baba yake alikuwa kwenye gengi la reli, wale wa kukaza mataruma. Kwa hiyo mtoto alikulia kando ya reli, na kando ya reli ndipo alipokutana na jambo lililomshika maisha yake yote.

Alikuwa na miaka saba. Ni wakati wa vita vya Kagera. Treni ya mizigo ikasimama Kilosa kidogo kunywa maji, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Juu ya mabehewa kuna vitu vikubwa vimefunikwa turubai. Turubai moja ilikuwa fupi. Chini yake akaona mnyororo mpana wa chuma, na magurudumu yamepangana ndani yake. Baba yake akamvuta sikio, akamwambia hayo si ya kutazama. Treni ikaondoka.

Dada yake mkubwa, Monica, ameniambia hivi: "Alikuja nyumbani akakataa kula. Anauliza tu, dada, juu ya ule mnyororo kuna nini? Mimi nitajuaje? Nikamwambia kuna nyumba. Akaamini miaka mitatu."

Alipokua akawa dereva wa katapila kwenye mashamba ya miwa. Miaka ishirini na sita. Katapila linatembea kwa mnyororo, kama kifaru. Alijua kukaza mnyororo, kubadilisha pini zake, kujua kwa kusikiliza tu kwamba pingili moja imechoka. Moyo ulipoanza kumsumbua akaambiwa ashuke kwenye mashine. Akashuka. Akakaa nyumbani wiki mbili, anamfuata mkewe Sesilia jikoni na kumwelekeza namna ya kupanga kuni.

Sesilia anasema: "Nilimwambia Loveth, mtafutie baba yako kazi kabla sijarudi kwetu."

Loveth ni binti yao. Alimaliza kidato cha nne. Akamwonyesha baba yake video za Wazungu wanaoeleza vifaru vya zamani kwenye majumba ya kumbukumbu. Kiingereza baba hakijui. Akawa anatazama bila sauti, uso karibu na kioo, na anachotazama ni mnyororo tu. Siku ya tatu akamwambia binti yake, "Huyu anaeleza vizuri, lakini amesahau kusema kwa nini hakizami. Hebu nishikie simu."

Hapo ndipo lilipoanza Darasa la Mnyororo.

Wasikilizaji, mimi niliishia darasa la saba. Mambo ya vita sikuwahi kuyataka. Lakini somo lile la kwanza naweza kukuelezea sasa hivi bila karatasi. Alimwita jirani yake, mama Joha, ambaye kama mnavyomjua ni mama mwenye mwili wake. Akamsimamisha kwenye tope kwa visigino. Mguu ukazama. Akaweka ubao juu ya tope, akamwomba asimame tena. Hakuzama. Mama ni yuleyule, tope ni lilelile. Akasema: "Mnyororo ni ubao unaojitandika mbele na kujikunja nyuma. Kifaru kinatembea na barabara yake."

Mama Joha anasikika nyuma ya video: "Umenipima mbele ya dunia nzima, Ditram! Subiri na mimi ninunue simu!"

Mzinga wa kifaru chake ulikuwa mua. Kifaru chenyewe ni debe lililolazwa. Mua unapita juu ya debe, kulia, kushoto, na yeye anaeleza zamani walianzaje, kwa nini vile vya kwanza vilifanana na andazi la pembe nne, waliokaa ndani walipumuaje. Na kila somo lilikwisha namna moja. Anauchomoa mua, anaumenya kwa meno, anasema, "Vita vimekwisha, tule mzinga."

Walimpenda. Madereva wa malori wanaolala hapa Mikumi walimpenda. Walinzi, walimu, vijana wa Morogoro wenye vifaru vya mbao walivyochonga wenyewe. Loveth alikuwa anamsomea maoni yao, na yeye anajibu moja moja. Mtu akiuliza swali la kijinga hakumcheka. Aliniambia, "Mimi niliamini juu ya mnyororo kuna nyumba."

Sasa wasikilizaji, naomba masikio yenu. Hapa ndipo kosa lilipotokea, na mwenyewe alitaka lisemwe.

Katika masomo yote yale Ditram alikosa kitu kimoja. Habari za vifaru vya mbali anazo. Za kwetu hana. Alitaka mtu wa huku aliyekaa ndani ya kifaru vita vya Kagera, amweleze. Wazee aliowauliza walimpa chai na hawakumpa neno. Alitafuta miaka mitatu.

Mwaka jana, mwezi wa nne, mtu akamrushia sauti kwenye simu. Sauti ya mzee. Inasema hivi, nami naisema kwa kuwa tayari mmeisikia: "Huyu Melkizedek wa Kisanga nilikuwepo mimi! Kifaru kilipozama kwenye tope, yeye dereva akaruka wa kwanza, akawaacha wenzake humo ndani, akakimbia mpaka akavuka mto na kiatu kimoja!" Sekunde ishirini. Mwisho.

Ditram aliisikiliza mara kumi. Alifurahi, anasema Sesilia, mpaka akasahau dawa zake. Shahidi amepatikana. Akatengeneza somo kesho yake, akaliita "Dereva wa Kiatu Kimoja". Hakulitengeneza kwa ubaya. Alieleza hofu, akasema hata shujaa ana miguu. Lakini jina alilitaja, na kijiji alikitaja.

Video zake nyingine zilitazamwa na watu elfu tano, elfu nane. Hiyo ilitazamwa na watu laki mbili.

Wasikilizaji watu wazima najua mmeshang'amua. Ile sauti ilikuwa ya wapi? Ilikuwa ya msibani. Mzee Melkizedek alifariki mwezi huohuo. Na aliyesema ni mzee Danieli, mtani wao. Na nyie mnajua kazi ya mtani msibani. Analala njiani jeneza lisipite, anavaa kofia ya marehemu, anamsema marehemu kwamba alikuwa mwizi wa kuku, mlafi, mwoga, mpaka wafiwa wacheke wakiwa wanalia. Waliokuwepo wote walicheka. Kijana mmoja akarekodi, akakata kipande, akarusha. Kicheko kilibaki Kisanga. Kwenye simu yakafika maneno peke yake.

Na Ditram, mtu mzima, wamezikwa watu wangapi mbele yake na watani wakiwepo, hakuijua sauti ya mtani. Kwa sababu alikuwa na njaa ya habari.

Mjane wa Melkizedek anaitwa Costancia. Simu yake ni ya kubonyeza, haina picha. Alijua sokoni. Alikwenda kutafuta viatu vya mjukuu, muuzaji akamwambia, "Bibi, nikufungie viwili au kimoja? Kwenu nasikia kimoja kinatosha." Watu wakacheka. Akauliza mnacheka nini. Wakamwonyesha.

Aliniambia, "Nilirudi bila viatu. Sikulia. Nilifunga mlango, na mlango wetu haufungwi mchana."

Binti yake, Editha, ndiye aliyempigia Ditram. Loveth alikuwa karibu na simu iko sauti ya juu, kwa hiyo maneno nayajua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Nani mwenzangu?"

"Sijambo. Wewe ndiye wa vifaru?"

"Ndiye mimi! Uliza tu, mama, usiogope."

"Sina swali. Mimi ni binti wa yule wa kiatu kimoja."

Loveth anasema baba yake alikaa chini pale alipokuwa amesimama, uani, juu ya tope la somo.

Editha akaendelea, bila kupandisha sauti: "Baba, wenzake aliowaacha ndani ya kifaru, wawili wako hai. Walikuja Kisanga kumzika. Walibeba jeneza, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nilitaka ujue hilo tu." Akakata.

Loveth alitaka kuifuta video saa ileile. Baba yake akamzuia mkono. "Ukifuta unanificha mimi. Yeye bado anakimbia kwenye simu za watu."

Sesilia akamwambia atume ujumbe wa kuomba radhi, kwa kuwa daktari alishamkataza safari za vumbi na milima. Akajibu, "Nimemtukana mtu mbele ya laki mbili, niombe radhi kwa kuandika?"

Akaenda. Akachukua debe lake, beseni, na mua mmoja, akapanda bodaboda na Loveth nyuma yake kwenye nyingine. Njiani walisimama mara nane avute pumzi.

Bibi Costancia alikuwa uani anapukuchua mahindi. Aliwakaribisha viti, akaendelea kupukuchua. Ditram akasema aliyokuja kusema. Bibi akapukuchua hindi zima mpaka likabaki gunzi ndipo akamjibu.

"Sasa wewe unayefundisha watu vifaru, dereva anakaa wapi?"

Ditram akatazama debe lake.

"Nakuuliza. Marehemu hakunielezea vita. Hata siku moja. Lakini hilo aliniambia, ndiyo maana mlango wetu haufungwi. Dereva anakaa wapi?"

"Mbele," Ditram akasema. "Chini kabisa. Chini ya mzinga."

"Kifaru kikizama kwenye tope, kinatangulia nini?"

"Mbele."

"Na mzinga ukiwa juu ya kifuniko anachotokea dereva?"

"Hakifunguki."

"Basi aliruka vipi wa kwanza?"

Loveth anasema baba yake aliweka mikono kichwani. Kwa sababu, wasikilizaji, jambo hilo yeye mwenyewe alilifundisha. Somo la kumi na nne. Nimelitazama tena juzi. Anaweka njugumawe ndani ya debe, mbele, chini, anapitisha mua juu yake, anasema, "Huyu ndiye dereva. Mambo yakiharibika, huyu hutoka wa mwisho." Alilifundisha kwa mdomo wake, kisha ikaja sauti ya sekunde ishirini akalisahau.

Bibi akatuma mtu amwite mzee Danieli. Huyo Danieli akaja na fimbo, anatembea kwa hasira ya uongo.

"Ndiye huyu? Wewe kwenu wapi?"

"Babu yangu alitoka Songea, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mngoni! Mngoni ni mtani wangu na hakuijua sauti yangu! Umelelewa na nani, na treni?"

"Na treni, mzee," Ditram akasema, na hapo bibi Costancia akacheka kwa mara ya kwanza.

Kisha Danieli akaketi, akasema kwa sauti nyingine. Maneno haya aliniambia tena mimi mwenyewe baadaye, nikayaandika. "Mtu aliyekuwa mwoga kweli, msibani siwezi kumwita mwoga. Wanawe watatazama chini kwa aibu, na mimi nitakuwa nimeua mara ya pili. Nilimwita Melkizedek mwoga kwa kuwa pale hapakuwa na hata mtoto aliyeweza kuamini."

Wakarekodi siku hiyo hiyo, uani kwa bibi. Debe, tope, njugumawe, mua. Pumzi ilimkatikia mara nne, wakaanza upya mara nne. Mara ya tano bibi akamwambia Loveth, "Lete, nishike mimi. Labda akiniona mimi atasema pole pole." Ndiyo maana, mliotazama somo la mwisho, picha inatikisika. Ni mkono wa bibi Costancia.

Humo Ditram anasema alichukua maneno ya mtani akayafanya ushahidi. Anaeleza dereva anakaa wapi. Anasema kwamba ndani ya kifaru kile walitoka wote, na dereva alitoka wa mwisho, kwa maneno ya wenzake wawili aliowapigia simu mmoja mmoja. Mwisho anaongea na marehemu: "Mzee wangu, nilipokuwa na miaka saba treni ilipita Kilosa, na mimi niliona mnyororo tu. Labda juu yake ulikuwepo wewe. Nilitaka kujua juu kuna nini, na nilipojua nikakuvunjia heshima. Unisamehe."

Halafu akauchomoa mua. Hakuumenya. Akampa bibi.

Bibi akasema, "Meno ya kulia mzinga mimi nitayapata wapi, baba Loveth?" Akaukata vipande, akagawia waliokuwepo.

Ningependa kuwaambia mambo yakaisha hapo. Hayakuisha. Video ya kosa ilitazamwa na watu laki mbili. Video ya radhi imetazamwa na watu elfu kumi na moja. Ditram alikuwa akiuliza kila asubuhi, na Loveth alianza kuona uchungu kumsomea. Wale laki moja na elfu themanini na tisa waliobaki ndio waliomtesa. Sesilia anasema, "Moyo ulikuwa mgonjwa, ndiyo. Lakini hesabu ile ndiyo ilikuwa inamkalia kifuani."

Ndipo akaja hapa kwetu studio. Nilimkuta ameketi nje kwenye ngazi, malori yanapita, amefumba macho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Kumbe wewe ndiye ile sauti? Nilidhani ni mtu mkubwa."

Nikacheka. Akaniambia anataka kusema mwenyewe redioni, kwa kuwa Kisanga hadi Magole watu wanafungulia redio hata wasio na bando. Lakini alikuwa hamalizi sentensi bila kupumzika katikati. Tukakubaliana aje Alhamisi ya wiki iliyofuata, tumrekodi kipande kwa kipande. Alipoinuka kuondoka akageuka. "Pumzi isiponifikisha Alhamisi, binti, yako itakufikisha. Sentensi yenyewe ni moja."

Akafariki Jumanne.

Jumamosi tulimzika Ruaha. Watu walikuwa wengi, wa gengi, wa miwa, wa parokia, na vijana waliotoka Morogoro na vifaru vyao vya mbao wakavipanga kando ya ukuta. Bibi Costancia alikuja, ametoka Kisanga alfajiri. Mzee Danieli pia. Katekista alipomaliza sala, Danieli akatoka mbele, amevaa kofia ya katapila ya marehemu, ameshika mua begani kama mzinga. Akalala chali njiani mbele ya jeneza.

Simu zikainuka. Nyingi. Mimi pia nilikuwa na kinasa sauti changu, kimewaka.

Bibi Costancia akasimama. Ni mfupi, lakini sote tulimwona. Akasema, "Zimeni."

Watu wakatazamana.

"Zimeni simu zenu, wanangu. Mtani anataka kuongea. Maneno yake ni ya waliopo." Akanitazama mimi. "Hata wewe binti wa redio."

Nikazima. Tukazima wote. Danieli akaanza.

Wasikilizaji wapendwa, alichosema sitawaambia. Nitawaambia tu kwamba Sesilia alicheka mpaka akashika tumbo, na machozi yalikuwa yanamtoka, na Loveth alimwegemea akicheka hivyo hivyo, na jeneza likapita. Kwenye kinasa sauti changu dakika zile hazimo.

Mama Sesilia, poleni sana. Loveth, dada Monica, mama Joha, poleni sana kwa kuondokewa. Mungu awape nguvu, naye ampumzishe Ditram mahali pema. Bibi Costancia, shikamoo, na ahsante kwa kushika simu siku ile.

Na wewe unayenisikiliza, nakuomba kitu kimoja, nacho hakihitaji bando. Kama ulimrushia mtu ile video ya kiatu kimoja, unamjua uliyemrushia. Kaa kidogo umkumbuke. Ni shemeji yako, ni mwenzako wa kazini, ni yule muuza viatu. Ukikutana naye kesho, msalimie kwanza, umuulize wa nyumbani. Kisha mwambie kwa mdomo wako, kama nilivyokuambia mimi, kama Ditram alivyoniambia, akiwa kwenye ngazi anatafuta pumzi.

Melkizedek wa Kisanga hakukimbia. Alitoka wa mwisho.